Bahasha ya Kaki na Mkutano wa Kijiji

Barua ya serikali nchini Tanzania ina mpangilio wake, na aliyewahi kuketi kwenye benchi la ofisi ya mtendaji wa kijiji anaufahamu. Juu kuna jina la halmashauri na anwani, halafu Kumb. Na. yenye herufi na mikwaju, halafu tarehe na cheo cha anayeandikiwa. Inafuata Yah:, na kichwa cha habari kwa herufi kubwa kilichopigiwa mstari. Aya ya kwanza inamtaka msomaji ahusike na somo tajwa hapo juu. Aya ya pili inarejea barua nyingine ambayo huenda msomaji hajawahi kuiona, au kifungu cha sheria ambacho hana nakala yake. Jambo lenyewe, yaani nani atapata, nani hatapata na kuanzia lini, mara nyingi linangoja aya ya tatu. Mwisho kuna saini, muhuri na orodha ya nakala.

Ofisi inahitaji mpangilio huo ili iweze kuifungua faili baada ya miaka mitano na kujua nani aliagiza nini. Lakini barua ya namna hiyo inatoka ofisini kwenda ofisini. Mtu mwenye ulemavu ambaye maisha yake yatabadilika kwa sababu ya aya ya tatu hatajwi ila ndani ya wingi: walengwa, wanufaika, makundi maalumu. Hakuandikiwa. Na asiyeandikiwa hana la kujibu.

Nalinganisha hapa njia za kumfikishia mtu habari kwamba kanuni za msaada wake zimebadilika. Moja ni ya Lipingo, kata ya mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, iliyokuwa sehemu ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipomegwa mwaka 2012. Nyingine ni ya Uingereza na Marekani, ambako barua hufika mlangoni ikiwa na jina la mhusika. Kila moja inafanya jambo ambalo mwenzake hawezi, na kila moja inamwacha mtu mahali pabaya.

Kwanza, msaada wenyewe. Tanzania Bara haina posho ya ulemavu inayolipwa kila mwezi kwa kila mwenye ulemavu nchi nzima. Aliyeajiriwa na kuchangiwa ana mafao ya ulemavu ya mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, na aliyeumia kazini ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Mvuvi wa usipa au mkulima wa mihogo hayumo humo. Kwake milango ni miwili. Upo mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, ambao katika awamu iliyozinduliwa Februari 2020 unaitambua kaya yenye mtu mwenye ulemavu katika kupanga ruzuku. Na ipo mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu.

Tazama jinsi mlango huo wa pili ulivyobadilishwa ndani ya miaka michache. Mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa ilirekebishwa, mgawanyo huo ukawa wa lazima. Mwaka 2019 zikatoka kanuni zilizojengwa juu ya vikundi. Mwaka 2021 zikarekebishwa, na mtu mwenye ulemavu akaruhusiwa kukopa peke yake. Hilo lilikuwa badiliko kubwa na la haki, maana kijijini watu wenye ulemavu hawakai nyumba jirani wakingoja kuunda kikundi. Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza bungeni kwamba mikopo inasitishwa ili utaratibu utazamwe upya, baada ya ukaguzi kuonyesha fedha zisizorejeshwa. Mwaka 2024 mikopo ikarudi kwa utaratibu mpya: halmashauri 10 za majaribio zipitishie fedha benki, nyingine zote ziendelee na utoaji wa halmashauri zenyewe chini ya kamati na masharti mapya.

Miongoni mwa zile 10 imo Manispaa ya Songea. Nyasa haimo. Mtu wa Lipingo mwenye kaka Songea anampigia simu kumuuliza, kaka anamweleza kwa nia njema kabisa aliyoyaona kwao, naye anaanza safari na karatasi zisizo zake. Mkoa mmoja, mwaka mmoja, ulemavu uleule, taratibu mbili. Kosa la aina hii halitokani na ujinga wa mtu, kwa sababu taarifa ya nchi nzima inaposomwa redioni haisemi wewe wa kata hii uende wapi.

Barua ikitoka Mbamba Bay, makao makuu ya wilaya, inashuka kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji hauna budi kukaa walau kila miezi mitatu, na hapo ndipo barua husomwa. Mtendaji mzuri hasomi kama ilivyoandikwa. Anaruka Kumb. Na., anaruka rejea, anakwenda moja kwa moja kwenye aya ya tatu na kuisema kwa maneno ya watu. Halafu anakaribisha maswali. Mzee mmoja atauliza waliokwisha jaza fomu za zamani wanafanyaje. Mama atauliza kama barua ya daktari ya mwaka juzi bado inafaa. Mtendaji akijibu, jibu linakuwa la wote. Akikwama, kukwama kwake kunaonekana na wote, na itambidi aulize wilayani. Hiyo ni nguvu ambayo bahasha haina. Swali ambalo mtu mmoja angeliona haya kuliuliza linaulizwa na mwenzake, naye anapata jibu bila kufungua kinywa.

Lakini tuseme kuna mama wa Lipingo ambaye kaya yake imo TASAF, na mwanawe wa miaka 9 hawezi kukaa wala kumeza bila kushikwa. Mkutano ni saa nne. Hawezi kumbeba hadi uwanjani akamshikilia kwa saa tatu juani, wala hana wa kumwachia. Habari inamfikia jioni kupitia jirani, ambaye aliondoka kabla ya maswali kwa sababu usipa aliouanika ulikuwa ukitaka kugeuzwa. Jirani anasema: wamesema kuna uhakiki, watu waende na vyeti. Uhakiki gani, vyeti vipi, mwisho lini, aende nani? Hakuna karatasi ya kurudia. Na tuseme kuna kijana kiziwi aliyewahi kufika na kukaa mstari wa mbele kabisa. Anaona mdomo wa mtendaji ukienda, anaona watu wakicheka, wakinung'unika, wakinyoosha mikono. Hakuna mkalimani wa lugha ya alama. Kwa daftari la mahudhurio, kijana huyu ametaarifiwa.

Kuna jambo jingine ambalo hatulisemi vya kutosha. Mkutanoni kila kitu ni hadharani. Kaya maskini zinatajwa na kupitishwa mbele ya watu, na hilo lina sababu nzuri, maana majirani wanajua nani ana njaa kweli. Lakini anayetakiwa kuthibitisha kwamba ana kifafa, au ugonjwa wa akili, au mtoto asiyeweza kujizuia haja, analipia uwazi huo kwa siri yake. Wapo wanaoamua kunyamaza na kukosa.

Sasa tuvuke bahari. Nchini Uingereza, watu wanaoishi kwa mafao ya ulemavu wana hofu moja inayojulikana nchi nzima: bahasha ya kaki inayodondoka sakafuni kutoka kwenye tundu la mlango. Ndani kuna barua ya wizara ya kazi na pensheni, yenye jina la mhusika, namba yake, na uamuzi. Malipo makuu, PIP, yalianza mwaka 2013 kuchukua nafasi ya yale ya zamani kwa watu wazima. Mtu anapimwa katika shughuli 12: kupika, kula, kuoga, kuvaa, kusoma, kupanga safari na kadhalika. Kwa upande wa maisha ya kila siku, pointi 8 zinampa kiwango cha kawaida, 12 kiwango cha juu. Barua inaonyesha alipata ngapi kwa kila shughuli na kwa nini. Asiporidhika ana mwezi mmoja wa kuomba uamuzi utazamwe upya, kisha anaweza kwenda kwenye baraza huru la rufaa.

Ukilinganisha na uwanja wa kijiji, hii ni hazina. Mtu ana karatasi. Ana sababu zilizoandikwa anazoweza kuzipinga moja baada ya nyingine: mmenipa 0 kwenye kupika, wakati siwezi kuinua sufuria. Ana tarehe na ana mlango wa kugonga.

Hata hivyo yuko peke yake nayo. Mwaka 2025 ulionyesha upweke huo unavyofanya kazi. Mwezi Machi serikali ilitoa mapendekezo kwamba, ili kupata PIP ya maisha ya kila siku, mtu awe na walau pointi 4 katika shughuli moja. Maelfu waliokuwa wamekusanya pointi zao mbilimbili katika shughuli nyingi waliona wangekosa. Tarehe 1 Julai, siku ya kura bungeni, serikali ikakiondoa kipengele hicho na kukiacha kisubiri mapitio ya waziri Stephen Timms. Lakini muswada huohuo ukapita na jambo jingine: nyongeza ya afya katika Universal Credit, malipo ya watu wenye kipato kidogo, ikapunguzwa kwa waombaji wengi wapya kuanzia Aprili 2026. Badiliko moja limewekwa kando, jingine limepita na linagusa wapya tu, na yote yamesomwa magazetini kwa jina moja la mageuzi ya mafao. Mtu akipokea bahasha wiki hiyo, atajuaje inasema lipi? Familia za wahamiaji, wakiwemo watu wetu wa Afrika Mashariki, zina msomaji wao wa barua: mtoto wa sekondari. Mtoto wa miaka 14 anamweleza baba yake kwamba serikali inaona hali yake imepata nafuu. Huo ni mzigo ambao hakuna ofisi inayopaswa kumtwisha mtoto.

Kuna hukumu moja ya huko ninayotaka watendaji wetu waijue. Nadezda Anufrijeva alifika Uingereza kutoka Lithuania akiomba hifadhi. Mwishoni mwa mwaka 1998 ofisi iliamua kumkatalia, ikaandika uamuzi huo kwenye faili, na msaada wake wa fedha ukakatwa. Yeye mwenyewe hakuarifiwa kwamba amekataliwa hadi Aprili 2000. Mwaka 2003 wengi wa majaji wa Baraza la Malordi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, walisema uamuzi ambao mhusika hajaarifiwa hauwezi kuwa na nguvu dhidi yake. Kabla ya hapo, kisheria, ni kama haujafanywa. Naona hapo kipimo cha kweli: barua huanza kazi siku inapomfikia mtu. Siku ilipopigwa muhuri haina uzito huo.

Marekani walibishana juu ya jambo hilihili kwa namna iliyo karibu zaidi na Lipingo kuliko wanavyojua. Mwaka 1970, katika kesi ya Goldberg dhidi ya Kelly, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mpokeaji wa msaada wa maskini asikatiwe kabla ya kusikilizwa ana kwa ana. Jaji Brennan alitoa sababu ambayo mtendaji yeyote wa kijiji angeielewa: kumtaka mtu wa aina hii ajitetee kwa maandishi ni kumtaka asichoweza, kwa kuwa wengi hawakupata elimu ya kuandika hoja zao. Wapewe nafasi ya kusema.

Miaka 6 baadaye mahakama hiyohiyo ilimgeukia mwenye ulemavu. George Eldridge wa Virginia alikuwa akipata mafao ya ulemavu tangu mwaka 1968. Mwaka 1972 alijaza fomu ya maswali, kisha akapata barua kwamba ulemavu wake umekwisha. Mahakama, kwa kura 6 dhidi ya 2, ilisema kwa mafao ya ulemavu karatasi zinatosha: ushahidi ni wa madaktari, umeandikwa, kwa hiyo malipo yanaweza kukatwa kwanza na kusikilizwa kuje baadaye. Brennan alikataa. Aliandika kwamba familia ya Eldridge ilikuwa imenyang'anywa nyumba kwa deni, samani zikachukuliwa, na baba, mama na watoto wakawa wanalala kitanda kimoja.

Namuunga mkono Brennan. Daktari anaweza kuandika kwamba mguu umekatwa chini ya goti, lakini hajui kwamba kutoka nyumbani hadi ziwani kuna mteremko wa mawe. Anayejua ni mwenye mguu, na anayejua hana kalamu. Wamarekani wenyewe walilazimika kurudi nyuma hatua moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 malaki ya watu waliondolewa kwenye orodha kwa mapitio ya karatasi, kelele zikawa kubwa, na mwaka 1983 sheria mpya ikaruhusu malipo yaendelee wakati rufaa inasikilizwa na ikataka mtu apate kikao cha ana kwa ana mapema. Mwaka uliofuata bunge likaongeza kwamba ofisi ioneshe hali ya mtu imepata nafuu kweli kabla ya kumkatia.

Kwetu, Katiba ya Jamhuri ya Muungano katika ibara ya 13(6)(a) inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Kenya wamekwenda mbele kidogo: ibara ya 47 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inampa aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Sheria ipo. Kinachokosekana ni mwisho wa safari, kutoka dawati la mtendaji hadi mlango wa yule mama.

Wala si kweli kwamba mwambao huu haujui kuunganisha karatasi na sauti. Kusoma kulikuja huku kwa sauti. Si mbali sana na Mbamba Bay, huko Liuli, amezikwa William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana aliyezunguka ziwa hili kwa zaidi ya miaka 40, akatafsiri Biblia katika Kinyanja, na akafa mwaka 1928. Macho yake yalikuwa yameharibika vibaya tangu ujanani. Kitabu kilichotoka mikononi mwake kilisikika masikioni mwa watu kabla wengi hawajajua herufi. Barua za vijana waliokwenda mashamba ya mkonge Tanga nazo zilisomwa na katekista au mwalimu, mama mtu akiwa ameketi mkekani, akisimamisha msomaji na kumwambia arudie hapo penye fedha.

Serikali nayo iliwahi kufanya hivyo kwa kiwango ambacho dunia ilikishangaa. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, na viongozi hao walikuwa kama 75,000. Kulikuwa na kijitabu mkononi, sauti redioni, na mtu wa kijijini wa kuulizwa. Watu walitoka hapo wakachimba vyoo. Hakuna aliyesema wanakijiji hawawezi kuelewa mambo ya wizara. Ilionekana ni kazi ya wizara kueleweka. Tuliweza kwa habari ya malaria na kuhara. Kwa nini kanuni ya mkopo wa mtu asiyeona iachiwe uvumi?

Sheria ya mwaka 2010 inataka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji. Kamati hiyo ndiyo chombo. Kanuni ikibadilika, halmashauri iandike ukurasa mmoja unaoanza na aya ya tatu: nini kimebadilika, kinamgusa nani hapa Nyasa, afanye nini, kabla ya lini, na asiporidhika amwone nani. Usomwe mkutanoni kama kawaida, kwa maswali yake yote. Kisha mjumbe wa kamati auchukue, aende kwa kila mhusika ambaye hakuwepo au hakusikia, amsomee nyumbani, mlango ukiwa umefungwa kama mwenyewe anataka, na amwachie nakala. Kwa kiziwi aende na ndugu anayejua ishara zake, hadi mkalimani apatikane. Kwenye daftari la kijiji iandikwe tarehe aliyosomewa, na saini au dole gumba lake. Siku za kujibu zihesabiwe kuanzia tarehe hiyo, na ruzuku isikatwe kabla hazijaisha. Gharama ni karatasi, wino na posho ndogo ya mjumbe. Daftari lenyewe tayari liko mezani kwa mtendaji.